Trafiki wa nyuma ya mfenesi: je, faini ya spidi niliyopigwa ni ya haki?

Swali: Habari yako mwalimu. Mimi ni dereva wa matatu ya abiria 14, njia yangu ni Kampala–Busia. Wiki iliyopita nikipita senta moja (kijiji chenye maduka kando ya barabara) kati ya Iganga na Bugiri, trafiki wawili walitoka nyuma ya mfenesi wakanisimamisha. Mashine yao ilionyesha 68. Kibao cha 50 nilikipita huko nyuma, sikatai, ila nyumba za pale ni chache na barabara ni nyoofu. Sindano yangu ilikuwa kwenye 60 hivi. Wakati huohuo basi kubwa lilikuwa linaniovateki, nalo halikusimamishwa. Waliniandikia tiketi ya EPS (mpango wa faini za papo kwa papo) ya shilingi 200,000, yote kwa Kiingereza ambacho sikisomi vizuri, na mmoja akaninong'oneza kwamba tunaweza kuongea. Sikuongea. Nauliza: ni haki trafiki kujificha? Nitajuaje kama mashine ile inasema kweli? Na si ni kutafuta pesa tu?

Ndugu yangu dereva,

Nianze na huo mfenesi, maana naona umekuuma kuliko faini yenyewe. Kisheria, trafiki kukaa mahali usipomwona hakubatilishi kipimo. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998, hata baada ya marekebisho ya 2020, inakutaka uheshimu kikomo cha spidi muda wote, si pale tu unapoiona sare nyeupe. Ukisimama mbele ya hakimu ukasema walijificha, atakusikiliza kwa utulivu, kisha atakuuliza ulikuwa unakwenda spidi gani. Hoja hiyo iache nyumbani.

Hata hivyo, jambo linaweza kuruhusiwa na sheria na bado likawa si la busara. Mimi siwapendi trafiki wa vichakani, na sababu yangu si kuwaonea madereva huruma. Nawafikiria watu wa senta. Askari aliyejificha anakukamata ukiwa umeshampita mtoto aliyekuwa ukingoni mwa lami. Askari aliyesimama wazi pale pale, kabla ya duka la kwanza, anapunguza spidi ya kila gari kwa saa nzima bila kuandika tiketi hata moja. Nyinyi wenyewe mnalijua hilo: mmoja akimwona trafiki, anawawashia taa wenzake wanaokuja, na magari yote yanapoa ghafla. Bila shaka kuna upande wa pili. Askari akionekana daima mahali pamoja, madereva wanapunguza spidi pale tu, na mita 300 mbele wanafidia muda waliopoteza. Polisi wanaojua kazi yao huchanganya njia zote mbili. Kinachoniudhi ni kipimo kinachowekwa mahali ambapo hakuna mtu wa kulindwa, kwa mfano chini ya mteremko mbali na nyumba, mradi tu gari linapata kasi lenyewe pale. Hapo dereva ana haki ya kuuliza kipimo kile kinamlinda nani.

Wewe lakini hukukamatwa mahali pa namna hiyo. Ulikuwa ndani ya senta, na kibao ulikiona. Umeniambia nyumba ni chache na barabara ni nyoofu, na hapo sikubaliani nawe kabisa. Tupige hesabu. Chukua gari lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, na dereva anayehitaji sekunde moja tu kuona hatari na kukanyaga breki. Kwa spidi ya 50 atasimama baada ya mita 28 hivi: nusu ya umbali huo gari linautumia kabla breki haijashika, na nusu nyingine breki inafanya kazi. Sasa mweke mtoto mita 28 mbele ya dereva mwingine anayekwenda 68. Sekunde ile moja peke yake inakula karibu mita 19. Zinabaki mita 9 za breki, na gari linamfikia mtoto likiwa bado kwenye kilomita 55 kwa saa. Mwenzako wa 50 amesimama huku bampa ikiwa karibu kumgusa, na wewe unampiga kwa spidi iliyo juu hata ya ile mwenzako aliyoanza nayo. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa inaongezeka mara nne na nusu spidi ikipanda kutoka 50 hadi 65. Senta yenye nyumba chache ina watoto wanaotoka shule vilevile, na huwa haina mahali maalumu pa kuvukia wala mtu wa kuwavusha.

Polisi wetu walihesabu watu 4,806 waliokufa barabarani mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Oktoba 2025, kwenye barabara ya Kampala–Gulu huko Kiryandongo, mabasi mawili yalikutana uso kwa uso usiku, kila moja likiovateki, na jumla ya watu 46 wakafa, wakiwemo abiria wa magari mengine yaliyohusika. Nayataja haya kwa sababu kila ninapoulizwa kuhusu haki ya faini, mazungumzo huwa ni ya dereva na askari peke yao, kana kwamba hakuna mtu mwingine barabarani. Yupo. Na yeye hana tiketi ya kupinga.

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapa una swali zito kuliko unavyodhani.

Mashine za spidi zinazoshikwa mkononi ni za aina mbili. Ya kwanza ni rada. Inatuma mawimbi ya redio, yanapiga gari na kurudi, na mabadiliko ya mawimbi yale ndiyo yanayoieleza mashine spidi. Tatizo la rada ni kwamba mawimbi yake yanatawanyika kama mwanga wa tochi: kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo yanavyofunika eneo kubwa. Rada ya kawaida ikielekezwa umbali wa mita 200 inaweza kufunika upana wa karibu mita 40, yaani barabara nzima pamoja na mitaro yote miwili. Ndani ya eneo hilo kukiwa na magari mawili, mashine inaonyesha namba, lakini haikuambii namba ile ni ya gari lipi. Mara nyingi inamshika mkubwa, kwa sababu bati lake linarudisha mawimbi mengi zaidi, au inamshika mwenye mbio kuliko wote.

Aina ya pili ni leza. Hii inatuma mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho, inapima umbali wa gari mara nyingi ndani ya nusu sekunde hivi, na kutokana na umbali unavyopungua inapata spidi. Mwanga wake ni mwembamba sana: mita 100 mbele una upana wa sentimita 30 hivi, na mita 300 haufiki mita moja. Askari anaulenga kwenye namba ya gari au kwenye taa. Leza ikishikwa vizuri haichanganyi matatu na basi. Mashine nyingi za siku hizi za aina hii hupiga na picha, na juu ya picha huandikwa spidi, tarehe, saa na umbali.

Unaona ninakoelekea. Wakati unapimwa kulikuwa na basi linakuovateki, na ili likuovateki lilikuwa lazima likimbie kuliko wewe. Sindano yako ilisema 60, mashine ikasema 68. Je, 68 ni ya nani?

Madereva wengi hapa husema sindano yangu haidanganyi, na wanakosea, ila wanakosea upande ambao hawautarajii. Kanuni za kimataifa za watengenezaji wa magari zinakataza sindano kusoma chini ya spidi halisi. Inaruhusiwa kusoma juu, tena kwa kiasi kizuri: gari likiwa kwenye 50 halisi, sindano inaweza kufika hadi 59 na bado ikawa ndani ya kanuni. Ndiyo maana simu yenye ramani mara nyingi inakuonyesha spidi ndogo kuliko dashibodi. Kwa hiyo gari lililo sawasawa, sindano ikiwa kwenye 60, huenda spidi halisi ni 55 au 57. Mashine ya trafiki kusoma 68 wakati sindano inasoma 60 ni jambo la kuulizia.

Lakini usikimbilie kumlaumu askari kabla hujakagua upande wako. Matatu nyingi zimebadilishwa tairi na kuvikwa kubwa zaidi kwa ajili ya mashimo. Tairi ikiwa na mzingo mkubwa kwa asilimia 7 kuliko ile ya kiwandani, sindano ikisoma 60 wewe uko kwenye 64. Tena kuna suala la muda. Dereva akimwona trafiki, mguu unaondoka kwenye mafuta wenyewe, na macho yanaishukia sindano baada ya hapo. Ile 60 uliyoiona huenda ilikuwa ya baadaye, na mashine ilishasoma yake. Uulize moyo wako mambo haya mawili kwanza, kwa sababu mwendesha mashtaka atakuuliza hayohayo.

Kuna hoja moja inayopendwa sana stejini ambayo nakuomba usiitumie: kwamba askari alisimama pembeni, kwa hiyo mashine ilisoma vibaya. Ni kweli kwamba mashine ikielekezwa kwa pembe haisomi spidi kamili, lakini inasoma pungufu. Kwa pembe ya nyuzi 20, gari la 100 linasomeka 94. Pembe ni zawadi kwa dereva. Ukiileta mahakamani, unamwambia hakimu kwamba spidi yako halisi ilikuwa zaidi ya 68.

Cha kuulizia ni mashine yenyewe imetunzwaje. Kila mashine ya aina hii inatakiwa kujaribiwa kabla ya zamu kuanza. Rada hujaribiwa kwa chuma maalumu kinachotoa mlio wa kipimo kinachojulikana. Leza hujaribiwa kwa kupima umbali ambao tayari umepimwa kwa utepe. Zaidi ya hapo, kuna ukaguzi wa mara kwa mara unaotolewa cheti. Nchini mwetu mwenye dhamana ya vipimo ni UNBS, shirika la viwango la Uganda, yuleyule anayekagua mizani za sokoni na pampu za petroli. Hakuna raia anayekubali kununua mafuta kwenye pampu isiyo na stika ya ukaguzi, kwa hiyo kuuliza cheti cha mashine inayokutoza 200,000 si ukaidi. Uliza kwa adabu: Afande, naomba kuona picha. Afande, mashine hii ilikaguliwa lini? Askari mwenye mashine iliyo sawa hana sababu ya kukasirika.

Kwamba basi liliachwa likapita, hilo peke yake halikuokoi. Kosa la mwingine halifuti lako, na askari wawili hawawezi kusimamisha kila gari. Uzito wake uko kwenye ushahidi: uwepo wa basi unatia shaka namba ile ni ya nani, na shaka hiyo inaondolewa na picha tu. Waingereza, ambao sheria zetu nyingi tumezirithi kwao, wameandika wazi katika sheria yao ya 1984 kwamba mtu hatiwi hatiani kwa spidi kwa maoni ya shahidi mmoja tu anayesema aliona gari linakimbia. Lazima kuwe na kitu kingine cha kuunga mkono. Ni msimamo wa busara, na wakili yeyote wa hapa anaweza kusimama juu yake.

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo halitakufurahisha. Tuseme umeshinda, na imethibitika 68 ilikuwa ya basi. Bado wewe ulikuwa kwenye 55, pengine 58, ndani ya 50. Umevunja sheria hata hivyo. Na kwa jinsi viwango vyetu vya 2025 vilivyopangwa, kama ni 58 au 68 au 79, faini ni ileile. Hapo ndipo ninapokubaliana nawe kwamba kuna jambo la haki halijakaa sawa, na naona ni zito kuliko mfenesi.

Utakumbuka Juni 2025 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilipowasha mfumo wa kamera wa EPS Auto. Kamera zilisoma namba za magari zenyewe, na ujumbe wa faini ukaanza kuingia kwenye simu za watu. Kuzidisha spidi kwa kilomita 1 hadi 30 ilikuwa 200,000. Kuzidisha zaidi ya 30 ilikuwa 600,000. Wakati huohuo kikomo kilishushwa hadi 30 kwenye sehemu zenye watu wengi. Kampala ililalamika kwa sauti moja, wenye magari binafsi, mateksi, hata wabunge, na kabla mwezi haujaisha mfumo ukasitishwa ili uangaliwe upya.

Mimi sikuwa upande wa waliotaka kamera zitupwe. Kamera haina ndugu, haijui mtoto wa mkubwa ni nani, haiombi chai, na haichagui kumwacha basi na kumshika matatu. Katika nchi ambayo dereva anaamini kwamba namba fulani za magari hazisimamishwi, mashine inayomwona kila mtu sawa ni hatua kubwa kuelekea haki. Kilichoharibu ni vile viwango, na haraka. Mtu aliyekwenda 32 penye 30 na mtu aliyekwenda 59 penye 30 walitozwa sawasawa. Wa kwanza sindano yake ilitikisika tu. Wa pili angeweza kuua. Ukiwaadhibu sawa, wa kwanza anaona ameonewa na wa pili anaona kosa lake ni la kawaida, na wote wawili wanaacha kuiamini faini.

Wewe unafika Busia, vuka mpaka tu uone majirani walivyopanga. Kenya, katika kanuni zao za 2016, ukizidisha kilomita 1 hadi 5 unapewa onyo. Ukizidisha 6 hadi 10 unalipa shilingi zao 500. Kati ya 11 na 15 ni 3,000, na kati ya 16 na 20 ni 10,000. Sisemi wao barabarani ni malaika. Lakini ngazi ile inamwambia dereva kitu anachoweza kukielewa: kadiri hatari inavyopanda ndivyo bei inavyopanda, na kuteleza kidogo hakukufilisi. Sisi mwaka 2025 tuliweka ngazi yenye vidaraja viwili, na cha kwanza kina urefu wa kilomita 30.

Halafu kuna suala la kipato. Mwaka ule wa 2025 mwalimu wa shule ya msingi ya serikali alikuwa akilipwa takriban 500,000 kwa mwezi. Faini ya 600,000 kwake ni mwezi mzima pamoja na deni. Kwa mwenye gari la mamilioni mia mbili ni chakula cha jioni na marafiki. Ufini wamelitatua hili kwa kupima faini kubwa za spidi kwa kipato cha mtu, kwa hiyo tajiri wao anaumia sawa na fundi wao. Kwetu kipato cha wengi hakijaandikwa popote, na siamini tunaweza kuiga hivyo leo. Ngazi zenye vidaraja vifupi lakini tunaweza, hata kesho, kwa kalamu ya waziri.

Na pesa? Umeuliza kama si kutafuta pesa tu. Swali hilo watu waliliuliza kwa hasira 2025, walipotaka kujua mgao wa faini za kamera unakwenda kwa nani, na lilikuwa swali halali. Jibu langu ni hili. Faini inayookoa watu inapungua mwaka hadi mwaka kwa sababu madereva wamebadilika. Anayepanga mapato akitegemea faini zisipungue, huyo anatafuta pesa. Serikali ikitaka tuamini nia yake, itangaze kila mwaka ni tiketi ngapi zilitolewa kwenye kila barabara na ni watu wangapi walikufa kwenye barabara hiyohiyo. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja, kila mtu atajionea. Na kabla ya kuandika tiketi, iweke vibao. Vibao vyetu huibiwa vikauzwa kama vyuma chakavu, vingine humezwa na nyasi, na mgeni anaingia senta bila kujua kwamba 50 imeanza. Wewe kibao ulikiona. Mwenzako anayepita mahali kibao kimeng'olewa anastahili kutetewa, na akipata kesi namshauri arudi akapige picha ile nguzo iliyobaki, siku hiyohiyo.

Kamera ina shida nyingine ambayo wenye matatu mnapaswa kuijua. Haimwoni dereva, inamwona mwenye gari aliyeandikwa. Magari mangapi hapa yameuzwa mara tatu na logibuku, yaani kadi ya umiliki wa gari, bado ina jina la mtu wa kwanza? Uliyeuza gari miaka minne iliyopita unaletewa faini za mtu usiyemjua, na uliyenunua huna habari kwamba unadaiwa mpaka siku unapotaka kuuza. Kama gari unaloendesha liko hivyo, mwambie tajiri wako akamilishe uhamisho wa umiliki sasa, na nyinyi wawili muandikiane ni nani yuko kwenye usukani siku gani. Daftari la shule linatosha.

Kuhusu kuongea. Ulifanya vizuri kunyamaza, na nataka ujue ulijiokoa kwa namna mbili. Chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009, anayetoa na anayepokea wote wana kosa, kwa hiyo 20,000 ya kichakani ingekugeuza kutoka mtu aliyezidisha spidi kuwa mtu aliyehonga. Na ungepoteza haki ya kulalamika, maana utaanzaje kueleza? Trafiki hapokei faini mkononi. Faini ya EPS inalipwa benki kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti inabaki na wewe. Askari akitaka pesa taslimu, hiyo si faini, hata akiiita hivyo mara mia. Kitengo cha Viwango vya Maadili cha Polisi, kinachojulikana kama PSU, kinapokea malalamiko ya namna hii. Andika tarehe, saa, mahali, na namba ya askari iliyoko kifuani kama uliiona. Najua wengi mnaogopa kwa sababu kesho mtapita barabara ileile, na hofu hiyo siidharau. Ndiyo maana ni bora chama chenu cha stejini kipeleke lalamiko, si dereva mmoja.

Suala la Kiingereza umelitaja kwa kupita tu, na mimi nalishika. Kifungu cha 28 cha Katiba yetu kinasema mtuhumiwa aelezwe kosa lake mara moja, kwa lugha anayoielewa, na apewe muda na nafasi ya kujiandaa kujitetea. Kinasema pia kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitike au akiri mwenyewe, na kwamba mahakamani atapata mkalimani bila kulipa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya Katiba ya 2005, na polisi wetu wamekuwa wakikizungumza kambini kabla wewe hujazaliwa. Askari anayekufokea kwa Kiswahili usimame anaweza kukueleza kwa Kiswahili umekosa nini. Tiketi haifutiki kwa sababu imeandikwa Kiingereza, lakini unayo haki ya kusema: Afande, nisomee kilichoandikwa hapa kabla sijatia sahihi.

Sasa tiketi yako ya 200,000. Inakupa siku 28, na wiki moja imeshakwenda. Tiketi ya EPS si hukumu. Ni njia ya mkato ambayo serikali inakupa: ukilipa, umekubali kosa na suala limekwisha, usipokubali, unapeleka hoja yako kwa hakimu, na huko ni serikali inayobeba mzigo wa kuthibitisha.

Ningekuwa wewe, kesho asubuhi ningekwenda kituo cha polisi kilichotoa tiketi, nimeshika nakala yake, niombe kuona picha na kujua mashine ilikuwa rada au leza. Ikiwa ipo picha, namba ya gari lako inasomeka katikati na juu yake imeandikwa 68, lipa, uchukue risiti, halafu ukapimishe sindano na tairi zako kwa fundi unayemwamini, kwa sababu gari linalokuambia 60 likiwa kwenye 68 litakuletea tiketi nyingine, au kitu kibaya zaidi. Ikiwa hakuna picha na mashine ni rada, una kesi inayofaa kusikilizwa. Tafuta abiria wawili wa siku ile waliomwona basi akiovateki, andika majina yao na namba zao za simu kabla kumbukumbu hazijafifia, uende na maandishi hayo kwa wakili au kwenye ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu. Pima pia gharama. Siku mbili bila kazi kwenye mahakama ya wilaya zinaweza kukupotezea zaidi ya 200,000, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kulipa tiketi wasiyoiamini. Ukiamua kulipa kwa sababu hiyo tu, bado omba picha kwa maandishi na utunze barua yako iliyogongwa muhuri. Madereva kumi wa steji moja mkiwa na barua kumi za namna hiyo kuhusu senta ileile na mashine ileile, mkuu wa trafiki wa wilaya hawezi kuzisukuma pembeni.

Nijulishe walichokuonyesha kituoni.